Kapu Lililopika Bila Moto

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, kwa sababu hadithi hii ikisimuliwa nyumbani kwetu, wengine hulilaumu kapu, wengine huulaumu mkaa, na baba huyalaumu maharage yenyewe. Maharage hayakuwa na kosa. Yalifanya yale ambayo maharage yoyote yangefanya yakiangukia mikononi mwa mtu kama mimi.

Kwetu asubuhi ilianza kwa cherehani. Mama alikuwa fundi wa nguo, akishona sare za shule sebuleni. Usiku sebule hiyo ndiyo ilikuwa chumba changu cha kulala, kwa hiyo mara nyingi nilifika darasani nikiwa na nyuzi nyweleni. Baba alikuwa fundi rangi. Msimu wa mvua kuta hazikauki, na fundi rangi asiye na ukuta mkavu hukaa kibarazani akiyatazama mawingu kama mtu aliyegombana nayo.

Mwaka ule mvua zilitukuta pabaya. Dada yangu, ambaye tulimwita Nesi tangu utotoni alipokuwa akifunga bandeji miguu ya viti, alikuwa ameitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi. Akipita, ada ya muhula wa kwanza ilitakiwa iwe tayari siku ya kufungua. Asipofika kwenye usaili, nafasi yake anapewa mwingine, na hakuna kurudia. Mama aliongeza saa za kushona. Baba aliongeza saa za kuyatazama mawingu. Kisha akaja shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, na kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Alizoea kulisha mamia ya watoto kwa fungu la kulishia kuku. Siku aliyofika aliweka mfuko wake chini, akazunguka jikoni na uani, akalikaza bomba lililokuwa likidondoka, kisha akamgeukia mama.

"Wifi, nyumba hii haina umaskini. Ina matundu."

Basi tukaanza kuyaziba. Mche wa sabuni, ambao ulizoea kulala ndani ya beseni la maji mpaka ugeuke uji, ulikatwa vipande vikapangwa juu ya kabati vikauke, maana sabuni kavu haiishi upesi. Maji ya chai yakachemshwa mara moja tu asubuhi na kutiwa kwenye chupa. Zamani kila mtu aliwasha jiko kwa wakati wake kama mfalme. Baba alikuwa na tabia ya kuiacha taa ya chooni ikiwaka. Shangazi akamwambia taa haiogopi giza. Nguo zikapigwa pasi zote kwa mkupuo mmoja. Mkaa uliobaki baada ya kupika ukatiwa kwenye debe la bati lenye mfuniko, uani, ukazimika wenyewe kwa kukosa hewa, na kesho yake ukawashwa tena.

Lakini ajabu kubwa ilikuwa kapu. Shangazi alichukua vipande vyote vya nguo vilivyobaki mama alipokata sare, akavishindilia ndani ya kapu kubwa mpaka likawa kama kiota, akashona na mto wa kufunikia. Maharage yakishachemka vya kutosha jikoni, sufuria ilizikwa humo pamoja na mfuniko wake, ikafunikwa kwa mto, nayo maharage yakaendelea kuiva polepole bila moto.

"Joto tumeshalinunua," alisema shangazi. "Kwa nini tuliache liende kutembea?"

Baba hakulipenda kapu hata kidogo. "Dada, sufuria inafunikwa vizuri kuliko mimi."

"Na wewe siku ukianza kuiva tutakufunika."

Kila jioni shangazi alilifungua lile debe la mkaa. Aliyepika siku hiyo na kubakiza mwingi aliitwa Waziri mpaka kesho yake, na alipakuliwa chakula kabla ya wote. Mimi uwaziri huo niliupenda kuliko chakula chenyewe. Ulipokaa kwangu siku chache mfululizo, nikaanza kutembea mikono ikiwa nyuma, na nilimkaripia mama kwa kukata uzi mrefu kupita kiasi. Akaniangalia tu. Ukimwona fundi wa nguo ameshika mkasi halafu anakuangalia tu, ujue anakupenda sana.

Siku moja kabla ya usaili, mama na shangazi walitakiwa kupeleka sare shuleni. Baba alikuwa amepata ukuta wa ndani wa kupaka. Nesi alikuwa chumbani akisoma. Kazi ya maharage ikawa yangu.

"Waziri," shangazi akaniambia akiwa mlangoni, furushi la sare kichwani, "maharage yamelala kwenye maji usiku kucha. Yamwage yale maji, utie mengine. Yachemke kwa fujo, si kwa adabu, nusu saa nzima. Halafu uchote machache kwa kijiko uyapulize. Ngozi ikijikunja, uyatie kwenye kapu. Na mtu asile mpaka turudi tuyachemshe tena. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kusikia hata mlango unasikia. Umeelewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

Nilikuwa nimesikia.

Nikawasha jiko, nikabandika sufuria, nikakaa nayo. Mara mfuniko ukaanza kutikisika na mvuke kutoka. Pale ndipo akili ilipoanza kunidanganya. Kama kapu linapika bila moto, nikajiuliza, huu moto ni wa nini basi? Kila kipande kinachoungua hapa kinapunguza uwaziri wangu. Nikaepua. Nikaizika sufuria kwenye kapu, nikaulaza mto juu yake kama ninayemlaza mtoto, nikauzima mkaa wangu kwenye debe. Debe lilijaa mpaka mfuniko ulikataa kukaa sawa. Nilijisifu peke yangu, kwa sauti.

Mchana ulipopinda, Nesi akatoka chumbani. "Waziri, nina njaa. Hao wanachelewa."

Nikafungua kapu. Sufuria ilikuwa ya moto, harufu nzuri. Nikalitafuna harage moja. Lilikuwa gumu katikati. Hapo nilikuwa na njia mbili: kuwasha jiko upya, au kuwa mjinga. Kuwasha jiko kungepunguza mkaa wa debe. Nikatia nyanya nyingi, nikapakua.

Nesi alitafuna kidogo akasita. "Mbona yanapiga kelele mdomoni?"

"Shangazi anasema yakiwa hivyo ndiyo yanashibisha."

"Alisema hivyo lini?"

"Ulikuwa unasoma."

Alikuwa na njaa, na aliniamini. Akamaliza sahani. Mimi nilikula machache tu, maana taya zilichoka.

Kabla jua halijashuka, Nesi alikuwa ameinamia ndoo uani, akitapika mpaka machozi yakamtoka. Nilisimama pembeni na glasi ya maji, nikijidai mzima, mpaka tumbo langu nalo likanguruma kama cherehani ya mama. Tukawa wawili, yeye na ndoo, mimi na beseni. Katikati ya kutapika alikuwa akisema neno moja tu: "Kesho. Kesho."

Baba ndiye aliyetangulia kurudi, rangi nyeupe mpaka kwenye nyusi. Alimshika Nesi kwapani, akanionyesha njia kwa kidevu, tukaenda zahanati iliyokuwa mtaa wa pili.

Tabibu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kuning'inia. Alimpima Nesi, akanipima na mimi, akavuta kiti.

"Mmekula nini?"

"Maharage mekundu," Nesi akajibu kwa taabu.

"Yaliiva?"

Nesi akanigeukia. Baba akanigeukia. Hata mgonjwa wa kitanda cha jirani akanigeukia.

"Yaliiva kidogo," nikasema.

"Kuiva kidogo ndiyo kukoje? Yalichemka kwa muda gani?"

Nikamtazama dada yangu. Midomo yake ilikuwa imekauka, na alikuwa ameshikilia ukingo wa kitanda kama mtu aliye juu ya maji. Sikuweza tena. "Hayakuchemka," nikasema. "Yalipotoa mvuke tu niliyaepua. Nilitaka mkaa ubaki mwingi. Na shangazi hakusema kwamba yakiwa magumu yanashibisha. Nilisema mimi."

Baba alifungua mdomo, tabibu akamtangulia. "Afadhali umesema, sasa najua ninachotibu. Maharage haya yana sumu yake ya asili. Yakichemka sana, inakufa. Yakipata uvuguvugu tu, haifi, huenda hata ikazidi ukali. Kijana, wewe hukumpikia dada yako, ulimchemshia tumbo." Akatukorogea maji ya dawa yenye chumvi na sukari. "Vijiko, si mafunda. Hii hupita upesi. Akiacha kutapika jioni hii, kesho atasimama."

"Atasimama kwenye usaili?" baba akauliza.

"Kwanza asimame kwenye miguu."

Mama na shangazi walitukuta nyumbani tukiwa tumelazwa mkekani bega kwa bega. Mama alimnywesha Nesi kijiko baada ya kijiko. Giza lilipoingia, Nesi alikuwa hajatapika tena. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kuna mkate?" Mama akageuka ukutani akajifuta macho, na baba akacheka peke yake bila mzaha wowote wa kuchekesha. Nadhani hilo ndilo neno tamu kuliko yote niliyowahi kusikia, na lilihusu mkate mkavu.

Asubuhi Nesi aliondoka na baba, amenyooka ingawa alitembea polepole. Saa zile za kungoja nilifagia ua wote mpaka nikaanza kufagia wa jirani. Waliporudi, nilimwona baba kwanza, na baba alikuwa akipiga mluzi.

"Nimepita," Nesi akasema, akajitupa kwenye kiti. "Waliuliza mtu anayetapika sana asaidiweje kwanza. Nikawaeleza mpaka vijiko." Akanikazia macho. "Usidhani ninakushukuru."

Tukacheka wote, na mimi nikacheka kwa kujificha. Shangazi akaniita karibu. Alikuwa amepakata ungo, akichambua maharage ya kesho.

"Sikiliza. Kubana matumizi ni kuziba panapovuja. Wewe hukuziba kitu. Uliyanyima maharage moto wake ukajinunulia sifa, kisha ukanisingizia maneno. Sabuni ikikauka hakuna anayeumia. Taa ikizimwa hakuna anayeumia. Ukiona unachopunguza kinamuumiza mtu, huo si uangalifu, ni ubahili. Na uwaziri umekwisha."

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe. Nisamehe na wewe, Nesi."

"Utaosha vyombo mpaka nifungue chuo," Nesi akasema.

Nilidhani yameisha. Baba akasimama, akaliendea kapu, akalinyanyua.

"Na hili linatoka leo. Nusura litukoseshe chuo."

"Ada imetimia kwa sababu ya matundu tuliyoziba," mama akasema, "na hilo kapu limo."

"Sitaki kulisikia. Kitu kikishaumiza watu mara moja, dawa yake ni kukitupa tu. Ama sivyo, dada?"

Shangazi alitoa jiwe kwenye ungo, akalitupa uani, wala hakuinua kichwa.

"Mdogo wangu, mwaka ule ulipoanguka kutoka kwenye ngazi ukavunjika mkono, ngazi uliitupa, au ulijifunza kuisimamisha?"