Wako Huyu, Bibi

Alichokisikia Ame kwanza ni mkewe akicheka peke yake.

Yeye alikuwa barazani na Bi Mwanawema, aliyeachiwa kuitunza ile nyumba ya masista pale Wawi tangu wenyewe walipohama. Moza alikuwa ndani akitazama vitu vyao vya zamani vilivyopangiwa wageni: misalaba, majoho, kitanda cha kubembelezea vichanga mayatima. Kutazama hakulipiwi, na safari yao nayo ilikuwa ya bure. Kutoka Kiuyu walipakiwa ndani ya lori, juu ya magunia ya karafuu, na sasa wanamngoja dereva, aliyejilalia zake mchana wote, awafikishe Mtambile, Moza akajifungue kwa mamake, ndiyo ada ya mimba ya kwanza. Ame hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anakaa.

"Yumo nani humo, Bi Mwanawema?"

"Hamna ntu, mwanangu."

Ndani Moza alikuwa akiitikia salamu, moja baada ya moja, kama aliye mbele ya mkubwa wake. Kisha akajibu kwa bashasha, jibu ambalo kila mwanamke aliyelelewa vizuri humpa anayemsifia mwanawe:

"Wako huyu, Bibi."

Bi Mwanawema akamkamata Ame mkono. "Mtoe! Mtoe, asiseme tena!"

Ame akausukuma mlango, akapigwa na harufu ya maziwa yaliyochacha, akamwona mkewe amesimama peke yake mbele ya kile kitanda kitupu kinachobembea, anatabasamu, na buibui lake limebonyea tumboni, pana alama za vidole vitano, vyembamba, vinavyopapasa polepole kama vya mtu anayechagua embe sokoni.

Walipofika Mtambile, Mzee Kificho, mganga wa ukoo, alimfukiza Moza na kumsomea mpaka jasho likamtoka.

"Toka!"

Sauti iliyomtoka Moza ilikuwa ya bibi mtu mzima, mpole.

"Nimeiba, mzee? Mamake kanipa kwa mdomo wake. Nyinyi mzalisheni tu, nami nitamchukua niende zangu."

Mzee Kificho akakiweka chini chetezo chake. Ame akalia bila haya mbele ya wakwe zake.

Moza akafumbua macho, sasa ni yeye mwenyewe, akamng'ang'ania mumewe shingoni.

"Ame, n'zuie," akanong'ona. "N'zuie nisizae."

Lakini mkeka chini yake ulikuwa umekwisha kurowa.