Mgongo Usioinama

Siku lifti ya jengo la maduka ilipogoma, watu walijazana chini kama siafu. Katikati yao alikuwa msusi wa ghorofa ya nne, ndani ya gauni la kijani, mfuko wa nywele bandia mkononi, akizitazama ngazi kwa hofu.

"Dada, ngazi haziumi," fundi wa lifti alimtania, mikono imejaa grisi.

Aliona haya, akapanda. Fundi akamsindikiza kwa macho. "Unatembea wima kama malkia, bwana."

Msusi hakumwambia kwamba alikuwa na baridi yabisi ya uti wa mgongo, ndiyo maana hakuinama. Sifa ile ilimnogea. Mwaka haukuisha wakaoana; vidonge vyake vya mgongo akavificha ndani ya kopo la mafuta ya nywele.

Mimba ilipoingia aliviacha kimyakimya, akimhofia mtoto. Mwezi wa tano maumivu yakamvamia. Kila asubuhi aliamka amekakamaa kama gogo, mpaka atembeetembee ndipo mwili ulegee. Hakutaka mumewe aone, basi akawa anamfukuza kwa maneno.

"Nenda kazini. Mbona unanikodolea macho?"

"Mpenzi, siku hizi hata kunifikisha mlangoni hutaki?"

"Sitaki."

Mwishowe fundi akahamia kwa dada yake, akiamini amechokwa.

Asubuhi ya kliniki, msusi alishindwa kuinama avae. Alijaribu kuivuta nguo kwa kidole cha mguu, akalia, kisha akampigia mumewe simu.

"Njoo univalishe."

"Nikuvalishe nini?"

Akashusha sauti. "Chupi."

Fundi alifika anahema, akapiga magoti mbele yake. Msusi akatazama ukuta, akamweleza yote, hata ule mwendo wa malkia ulivyokuwa ugonjwa.

"Nami nikadhani unanichukia," fundi alisema taratibu. "Inua mguu, mama kijacho."

Kliniki, daktari alimsikiliza, akatikisa kichwa. "Baridi yabisi ya aina nyingine mara nyingi hutulia mtu akishika mimba. Hii ya mgongo kwa wengi haitulii, wengine huzidiwa. Lakini zipo dawa anazoruhusiwa mjamzito. Nani alikwambia uache?"

Msusi alitamani ardhi immeze.

"Tuliacha sote wawili, daktari," fundi akajibu. "Tulikosea. Tusaidie tuanze upya."

Msusi alimtazama mtu huyu aliyeujua ugonjwa asubuhi ileile, machozi yakamlengalenga. Aibu haikumtoka yote. Ila alipotaka kuinuka kitini, alimnyooshea mkono mbele ya watu.

"Nivute, mume wangu. Polepole."