Pua ya Bwana Harusi

Kila alfajiri Hansa na dada yake Revati walikamua nyati wao wa kufugwa pamoja, mmoja akikamua, mwingine akimshika mkia. Asubuhi ya harusi ya Revati, Hansa alikamua peke yake. Mkia ukamchapa usoni, na hapakuwa na wa kumcheka.

Alipopeleka maziwa ndani, alimkuta baba yake mdogo, Bhikhu, akimwingiza mama yake katika chumba cha nyuma chenye magunia ya mtama.

"Shemeji, usijitokeze mpaka wageni waondoke. Mjane harusini ni nuksi."

Mama aliingia na sari yake nyeupe ya ujane. Mikono yake ndiyo iliyolima ule mtama.

"Na wewe," Bhikhu akamgeukia Hansa, "ukiulizwa, sema mama ana homa. Hata kwa dada yako."

Hansa alikuwa na miaka sita baba yake alipofariki, lakini hakusahau. Alikumbuka bangili za ndoa za mama zikivunjwa kwa jiwe, na aliyeshika jiwe: mke wa Bhikhu. Wenye bangili ndio huwatungia mila wasio nazo.

Bwana harusi, Dinkar, alifika kwa ngoma, kiganja kimeziba pua. Kwao mama wa bibi harusi humpokea mkwe langoni na kumbana pua, ili ashushe maringo, ajue amekuja kuomba. Lakini aliyetokea langoni ni mke wa Bhikhu.

"Ala! Mama mkwe yuko wapi?" Dinkar akauliza. "Nimeilinda pua njia nzima, kumbe bure?"

Watu wakaangua kicheko.

"Ana homa," Hansa akasema.

Chini ya kipaa cha maua, kuhani aliwasha moto. Hansa aliketi nyuma ya dada yake, katikati ya watu wote wale, mpweke kama kinu kisicho na mchi.

"Mtapiga hatua saba," kuhani akasema. "Kwa ya kwanza mnaapa kulishana. Kwa ya mwisho mnaapa kuwa marafiki hadi kufa. Moto ndiye shahidi. Mbele yake hausemwi uongo."

Revati akamgeukia. "Hansa, homa ya mama imezidi?"

Hansa aliutazama moto. Akisema kweli, harusi ingeweza kuvunjika, na lawama zote zingekuwa zake.

"Hana homa, dada. Amefichwa kwenye magunia."

"Funga domo, kinyangarika wewe!" Bhikhu akafoka.

Revati alirudisha mguu. "Siapi juu ya uongo. Mama aje."

"Nuksi! Wakwe watarudi na ngoma zao!"

"Nirudi na pua nzima?" Dinkar akasema. "Watanicheka kwetu. Mleteni."

Kuhani akamtazama Bhikhu. "Moto haujamkataa mtu. Mliomkataa ni nyinyi."

Hansa alikimbia, akafungua komeo la chumba cha nyuma.

"Watanitukana, mwanangu," mama akanong'ona.

"Nishike mkono, mama."

Mama alitembea mbele ya macho yote yale, akambana Dinkar pua mpaka machozi yakamtoka. Uwanja mzima ukacheka, isipokuwa Bhikhu. Ndipo hatua saba zikakanyagwa.

Jioni, Revati akiondoka, alirusha mchele nyuma juu ya kichwa chake bila kugeuka, kuishukuru nyumba iliyomlea. Mama akaudaka kwa upindo wa sari. Vumbi la gari likatulia. Nyumba ikawa kubwa ghafla.

"Mama," Hansa akasema, "hata ningenyamaza, dada angeondoka tu."

"Angeondoka, ndiyo. Lakini angekanyaga uongo hatua zote saba. Kiapo, mwanangu, ni kusema kweli siku ambayo kweli inakuponza. Na mila inayomfungia mtu mlango, usiiamkie. Fungua komeo lake."

Usiku ule kitanda kilikuwa kipana mno, na Hansa alilia peke yake. Alfajiri alichukua ndoo, akaenda zizini. Mama alikuwa ameshatangulia, ameushika mkia.