Mbuzi Ambao Hawakufika Kalamba

Soko la mji wa Wote lilikuwa limefurika siku wakili Mwangangi alipokimbilia kibanda cha Mbinya, joho lake jeusi la mahakamani limechanika begani.

"Dada, nishonee haraka. Hakimu ananingoja."

"Hakimu anakungoja wewe, ama wewe ndiye unamngoja yeye?" Mbinya aliuliza. Alivaa gauni la maua ya zambarau, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Shona kwanza, unicheke baadaye."

"Nitafanya yote mawili."

Kesho yake Mwangangi alirudi bila nguo ya kushonwa. Mwaka haukuisha kabla hawajachumbiana. Kila adhuhuri alipiga simu.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Na wewe, umeshinda kesi ama umeshindwa na usingizi?"

Kisha Kaveke, mama yake Mbinya, akashindwa kesi ya shamba lake la Kalamba. Mwangangi akachukua rufaa. "Usijali, Mama. Tuna siku kumi na nne za kuiwasilisha."

Siku ya kumi na nne alikuwa soko la mifugo, akichagua mbuzi watatu wa ntheo. Mbuzi hao wakishapokelewa kwa kina msichana, Mkamba humhesabu kuwa mke wa mtu.

"Wasikie, mpenzi!" alipaza sauti kwenye simu, mbuzi wakilia. "Hawa ndio washenga wangu!"

Walicheka mpaka salio likaisha. Karatasi za rufaa zilibaki mezani ofisini.

Jumatano Mwangangi alikuja kibandani.

"Mbinya, siku za rufaa zilipita. Kosa ni langu."

Mbinya alisimamisha cherehani. "Shamba alikozikwa baba?"

"Hilo hilo." Akatoa bahasha. "Lakini nina bima ya uwakili. Hulipa makosa kama haya. Mama akidai, atapata fidia ya kununua shamba lingine."

"Basi adai leo."

"Kuna madai ambayo bima haiyagusi. Soma hapa. Hailipi dai la mke wa wakili, la mchumba wake, wala la wakwe."

Mbinya alisoma mara mbili. "Na Jumamosi mbuzi wanakuja."

"Tunaweza kuficha. Watu wa bima walipe kwanza, kisha nilete mbuzi."

"Wataniapisha?"

"Wewe na mama."

"Kwa hiyo nishike Biblia, nimwambie Mungu wewe si kitu kwangu, halafu jioni nikupikie?" Machozi yalimtoka. "Hapana, Mwangangi. Nikiapa, iwe kweli."

"Na mimi je?"

"Wewe una ofisi. Mama alikuwa na shamba tu."

"Nilikuwa nakutafutia mbuzi, Mbinya. Siku ile nilikuwa nakutafutia wewe."

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kukuchukia." Alivua pete ya uchumba, akaiweka juu ya bahasha. "Waambie wazee wenu wasije."

Usiku huo aliomba hadi magoti yakafa ganzi. Asubuhi mama yake akaanza kudai, na simu za adhuhuri Mbinya hakuzishika tena. Zilipigwa kwa wiki sita, kisha zikakoma.

Mwezi wa nne baadaye watu wa bima walimwita mbele ya kamishna wa viapo. Aliinua Biblia.

"Huyu wakili Mwangangi ni nani kwako?"

"Alikuwa wakili wa mama yangu."

"Ninyi ni wachumba?"

"Hapana."

"Kuna ahadi yoyote kati yenu?"

"Hakuna."

Alitia sahihi. Akamshukuru Mungu kwamba hakusema uongo, na kwa sababu hiyo hiyo akashindwa kumwomba chochote kingine siku hiyo.