Jémima Ndani ya Nyambizi

Kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani kwao katika mtaa wa Ganshoren, Jémima alikuwa akivuta dawa yake ya pumu, akisukutua mdomo, kisha akikimbilia shuleni. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, maman Rolande, alihudumia wazee katika makao yao huko mtaa wa Uccle, na mara nyingi alitoka mapema kuliko yeye.

Juma moja darasa lao lilikuwa na safari ya kwenda pwani, kutembelea bandari ya zamani ya jeshi la majini, ambako manowari zilizostaafu, pamoja na nyambizi moja, zimehifadhiwa. Fomu ya shule iliuliza kama mtoto ana ugonjwa wowote. Jémima alikuwa amesikia kwamba ndani ya nyambizi ni kwembamba na hewa ni nzito. Akaogopa kuzuiwa kuingia, akaandika "Hana". Maman Rolande, aliyekuwa akivaa koti ili awahi zamu, alitia sahihi bila kusoma.

Rafiki yake Aïcha peke yake ndiye aliyejua.

"Angalau weka dawa mfukoni," Aïcha alimwambia ndani ya basi.

"Wataiona. Nyamaza tu, tafadhali."

Begi lenye dawa likabaki kwenye kiti.

Bandarini walipokelewa na mzee Ghislain, aliyekuwa baharia wa nyambizi kwa miaka ishirini. Aliwaonyesha shimo refu la mawe ambamo meli ziliingizwa, maji yakatolewa, na mafundi wakakarabati matumbo yake. Waliona manowari ya kijivu yenye mizinga miwili. Hatimaye wakashuka ndani ya nyambizi kwa ngazi ya chuma, mmoja mmoja.

Ndani kulinuka mafuta na rangi ya zamani. Milango ilikuwa ya duara, midogo, na vitanda vya mabaharia vilining'inia juu ya mahali pa silaha. Walipofika mlango wa tatu, kifua cha Jémima kilianza kubana. Akakohoa.

"Anaogopa!" Josias, mvulana aliyemfuata, akacheka.

"Una nini, binti?" Ghislain aliuliza.

"Vumbi tu."

Alipiga hatua mbili zaidi. Pumzi yake ikawa inapiga mluzi. Mbele yake kulikuwa na wanafunzi, nyuma yake wanafunzi, na njia haikuwatosha watu wawili kupishana. Kama angeanguka pale, nani angemfikia? Akamshika mkono mwalimu wake, Madame Antoinette, aliyesimama kando ya mlango.

"Madame, nina pumu. Kwenye fomu nilidanganya. Dawa iko kwenye basi."

Aïcha, aliyekuwa nyuma kabisa karibu na ngazi, alikuwa amesikia na ameshaanza kupanda. Ghislain akaamuru kila mtu ajibanze ukutani, akamwongoza Jémima polepole hadi juu, wakamketisha wima penye upepo. Aïcha akarudi mbio na begi. Jémima akavuta dawa, akasubiri, akavuta tena. Baada ya robo saa kifua kikafunguka.

Mwalimu akampigia simu maman Rolande, akampa Jémima azungumze naye.

"Na mimi nina kosa, nilisaini bila kusoma," mama alisema. "Lakini wewe, mutoto wangu, ungenyamaza mpaka lini?"

Jémima aliomba msamaha, "Pardon, maman."

Josias akaja kuomba radhi kwa kumcheka. Ghislain alisubiri mvulana aondoke, akaketi kando ya Jémima.

"Tulikuwa watu sitini humo chini," alisema. "Kabla ya kuzama, nahodha alituuliza mmoja mmoja: unaumwa nini? Mwenye mafua alisema, mwenye jino bovu alisema. Hakuna aliyeonekana mwoga, maana sote tulivuta hewa moja, na aliyeficha ugonjwa alituhatarisha sote. Leo ulichelewa kusema, binti, lakini ulisema. Mara nyingine sema ukiwa bado nchi kavu."