Mbodze wa Darasani na Mbodze wa Bwawani

Kila asubuhi Mwongeli alifika shuleni mapema, akafagia darasa, akafuta ubao, kisha akaanza kumwuliza Mwalimu Chirau maswali. Kwa nini bendera yetu mpya ina ngao? Kwa nini mvua hunyesha sana huku Shimba Hills na bondeni hainyeshi? Wazazi wake walikuwa wametoka Ukambani kuja kulima katika mashamba mapya, na wenzake walisema kwamba Mwongeli alizaliwa akiuliza.

Dawati moja alikaa na Mbodze, msichana wa Kiduruma aliyetoka bondeni kwa wafugaji. Mbodze hakuuliza wala hakujibu. Ijumaa moja Mwalimu Chirau alimwambia asimame asome. Mbodze alisimama. Alifungua kitabu, midomo ikacheza, lakini sauti haikutoka. Nyuma ya darasa mtu alicheka.

"Keti, mwanangu," mwalimu alisema kwa huzuni. "Hali ikiendelea hivi, Jumatatu itanibidi nikurudishe darasa la tatu. Labda kusoma bado."

Kesho yake mama yake Mwongeli alimtuma apeleke mahindi mabichi kwa kina Mbodze. Alipofika, aliambiwa kwamba mwenzake yuko bwawani akinywesha mbuzi. Akashuka kumfuata.

Kabla hajamwona, alimsikia. Mbodze alikuwa akimhadithia mdogo wake, Shutu, hadithi ile ile ya kitabuni iliyomshinda jana, neno kwa neno. Sauti ya mfalme aliifanya nzito, ya sungura nyembamba, na Shutu alicheka hadi akashika mbavu.

Mara ng'ombe wengi wakateremka kwa kishindo. Mwongeli alijificha nyuma ya kichaka, lakini Mbodze alikwisha kumwona. Mchungaji wao, kijana mrefu aitwaye Kaingu, alitaka kuwaingiza majini.

"Kaka Kaingu, hujambo?" Mbodze alisema, akasimama katikati ya njia. "Mbuzi wametangulia. Tafadhali ngoja."

"Ondoka, mtoto, utakanyagwa!"

"Sitaondoka. Kuna mwana-mbuzi amekwama topeni. Ng'ombe wako wakiingia watamzamisha. Wazuie, kisha unirushie kamba yako. Shutu, rudisha wale mbuzi wengine nyuma! Mwongeli, toka huko, njoo unishike kiuno!"

Kaingu alimtazama, akatii. Mwongeli naye alitoka kichakani, akamshika mwenzake kiuno. Mbodze aliingia topeni, akamfunga mwana-mbuzi kamba kifuani, nao wakavuta mpaka akachomoka, mweusi kwa tope, akilia mee.

Walipokuwa wakinawa, Mwongeli alimkodolea macho.

"Kumbe unajua kusoma! Shuleni ulikuwa ukijifanya?"

"Sikujifanya," Mbodze alijibu. "Nikisimama pale, macho yote yananiangukia, sauti inakataa kutoka. Huku mbuzi hawanicheki. Na wewe je? Leo hujauliza hata swali moja. Ulikuwa ukijifanya?"

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mwongeli alilitafakari swali hilo.

Jumatatu alimwendea mwalimu. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo una swali gani?"

"Mtu anaweza kuwa watu wawili?" Akamweleza yote, hata jinsi yeye mwenyewe alivyojificha kichakani.

Mwalimu Chirau alimwita Mbodze, akamkabidhi kitabu, akamwomba awasomee watoto wa darasa la kwanza walioketi nje kivulini. Yeye na Mwongeli walibaki dirishani. Mwanzo sauti ya Mbodze ilikuwa ndogo. Mtoto mmoja akauliza, "Halafu?" Hapo mfalme akanguruma, sungura akajibu, na watoto wakasogea wakamzunguka.

Kisha mwalimu aliwaleta watoto wale darasani, akawakalisha mbele ya Mbodze. "Wasomee hawa," alimwambia. "Sisi wengine tunapita njia tu." Mbodze aliwatazama wale wadogo, akasoma ukurasa mzima. Alikwama mara mbili, akaendelea. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Habari ya kurudi darasa la tatu imekwisha," mwalimu alisema. "Nilikosea. Nilimpima mtu kwa kumwona mahali pamoja tu."

Mwongeli aliinua mkono. "Mwalimu, Mbodze wa kweli ni yupi basi? Na mimi ni jasiri au mwoga?"

"Mbodze ni mmoja," mwalimu alijibu. "Samaki ni hodari majini, mtoe nje, utasema hana nguvu. Nawe una ujasiri wa kuuliza, na una hofu ya ng'ombe, yote yako. Kwa hiyo msiharakishe kusema fulani ni mwoga, fulani ni mjinga. Ulizeni kwanza: yuko wapi, na yuko na nani? Halafu, palipo na hofu, msaidieni mwenzenu apite, kama Mbodze alivyokutoa wewe kichakani."

Mwongeli alimgeukia mwenzake. "Jumamosi utanifundisha kusimama mbele ya ng'ombe?"

"Nitakufundisha," Mbodze alisema, kwa sauti iliyofika hadi dawati la nyuma.