Siku Mbili Juu ya Magunia ya Shura

Kamba ilikatika saa tatu asubuhi. Wimbi kutoka kusini liliinua tishali, ile mashua bapa ya kupelekea mizigo melini, hadi usawa wa sitaha ya meli, likaliangusha, na kamba nene kama kifundo cha mkono ikakatika kama uzi wa kushonea. Kabla mabaharia wa juu hawajatupa nyingine, ukungu ulikuwa umeshaimeza meli nzima, milingoti na yote.

Siku ile hakuna mtu aliyepaswa kuwa baharini. Mkuu wa bandari ya Pisagua alikuwa ameifunga bandari tangu alfajiri kwa sababu ya mawimbi. Lakini nyapara Urrejola aliwaambia watu wa matishali kwamba meli inangoja shura yake, ile chumvi ya mbolea na baruti, na asiyetaka kushika kasia asionekane tena gatini. Liborio Olmedo, mwenye miaka ishirini katika kazi hiyo, alimtukana kimoyomoyo akashuka. Mwenzake alikuwa Casimiro Choque, kijana wa milimani, fundi wa kupanga magunia melini hadi yasitikisike hata kwa tufani. Kasia hakuwahi kulishika.

Maji ya kunywa hawakuwa nayo. Mtu wa tishali habebi maji. Hunywa akifika melini, na kuonekana na kibuyu ni kuchekwa mwaka mzima. Siku hiyo majivuno hayo yaliwatokea puani.

"Mzee, pwani iko wapi?" Casimiro aliuliza.

"Nyuma ya ukungu."

"Hilo hata mimi nalijua."

Walipiga makasia mpaka viganja vikachubuka, na mkondo ukazidi kuwavuta nje. Tishali lilikuwa zito mno. Wakatupa nusu ya magunia, na Liborio akakataza kutupa hata moja zaidi. Hakuogopa kufa kama alivyoogopa maneno ya Urrejola baada yake. Alimweleza mwenzake waziwazi kwamba wakipotea, nyapara ataapa walitoka kwa ukaidi wao, pengine ataongeza kuwa waliiba, na kesho yake atawasukuma wengine kwenye bahari ileile. Magunia yaliyobaki yalikuwa na lakiri ya Urrejola, yenye jina lake na tarehe ya asubuhi ile waliyotoka. Lazima yafike, na wao wafike nayo.

Siku ya pili midomo ilipasuka. Chini ya magunia maji ya bahari yalikuwa yameyeyusha shura, na shura ikiyeyuka hupoza maji hadi meno yaume. Casimiro aliingiza mkono, akausikia ule ubaridi, akachota. Liborio akampiga kifundo cha mkono kwa mpini wa kasia.

"Nimeona nyumbu wakinywa hayo," alisema. "Hawakufika hata mlangoni mwa zizi."

"Basi ninywe nini, mate yako?"

"Hata hayo sina."

Casimiro alilia, na hakuona haya kulia. Liborio naye alitamani kulia, ila alikasirika kwanza. Ukungu ule uliowafunga macho ulikuwa umejaa ndevuni mwake, matone kwa matone. Akayalamba. Kisha akasimamisha kasia, akatundika poncho yake, joho zito la sufu, inase ukungu, akamwamuru kijana atundike yake. Mkamuo wa kwanza ulikuwa wa chumvi, wakautema. Wa pili ukawa wa kuvumilika. Usiku kucha walikamua na kunyonya sufu yenye harufu ya jasho lao wenyewe, na palipokucha walikuwa hai na wagomvi.

Ndipo upepo ukaleta uvundo wa mavi ya ndege. Siku nyingine wangeziba pua. Sasa Liborio alivuta pumzi hadi akakohoa, kwa sababu uvundo ule ulitoka kwenye miamba ya rasi wanakolala ndege, na kutoka rasini hadi bandarini angefika akiwa amefumba macho. Walifunga viganja kwa vipande vya mishipi yao, wakapiga kasia kuufuata. Mawimbi ya pwani yalipoanza kuwapanda, Casimiro alihamisha magunia nyuma bila kuambiwa, akayapanga kama ya melini, na omo, pua ya chombo, ikainuka juu ya mawimbi. Liborio alimwambia kwamba tangu leo ni mtu wa tishali, atake asitake.

Walifika Pisagua kabla ya adhuhuri. Bandari ilikuwa bado imefungwa, na Urrejola alikuwa kwenye ngazi ya gati akiwashusha watu wanne kwenye tishali jingine. Liborio hakwenda mahali pake pa kufunga. Alilileta lake kwa ubavu, akaziba ngazi yote ili lile jingine lisitoke, akalifunga mbele na nyuma.

Urrejola aliuliza mbele ya watu ni nani aliyewatuma kutoka. Casimiro akainua gunia begani, akaigeuzia gati lakiri, na walioweza kusoma wakawasomea wasioweza.

"Ondoa hilo tishali, Olmedo."

"Bahari ikitulia nitaliondoa," Liborio alisema, akaketi juu ya shura.

Nyapara akawaamuru wale wanne wamkokote. Mmoja wao, Nicanor Vera, ambaye kwa miaka mingi hakusalimiana na Liborio, alichukua kibuyu cha maji gatini, akashuka nacho mbele ya wote. Akamnywesha, akamnywesha Casimiro, kisha akamwambia kijana asogee, akaketi. Watatu waliobaki wakaweka makasia chini, wakafuata, na watu wa gatini nao wakashuka mmoja mmoja. Kufikia adhuhuri hapakuwa na gunia ambalo halikukaliwa.